Je, wajua kwa nini wafugaji wa Iowa walilipwa na serikali kwa kila kichwa cha nguruwe?

Aprili 2020, magari yalijipanga kwenye foleni ndefu za chakula cha msaada katika miji ya Marekani. Wakati huohuo, kuna wafugaji wa jimbo la Iowa waliokuwa wakiua mifugo yao bandani, nyama isimfikie mtu yeyote. Kisha serikali ikaanza kuwalipa. Kwa nini?

Twende Sioux County, kaunti ya mashambani iliyo kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo na mojawapo ya zile zenye nguruwe wengi kabisa nchini. Ufugaji wa huko huenda kwa ratiba. Nguruwe akifika miezi sita hivi ana kilo kama 125. Lori linakuja, banda linaoshwa, kundi la wadogo linaingia. Katikati ya Aprili kiwanda cha nyama cha Smithfield mjini Sioux Falls, Dakota Kusini, kilifungwa kwa sababu ya korona. Tarehe 22 kikafuata cha Tyson mjini Waterloo, Iowa, chenye uwezo wa kuchinja nguruwe wapatao 19,500 kwa siku. Lori likawa haliji. Nguruwe anakula mahindi kila siku, ananenepa kupita saizi ambayo mitambo ya kiwanda inaipokea, na wadogo wanaomfuata hawana pa kuwekwa. Bei nayo ikaporomoka.

Ndipo Wizara ya Kilimo ikatenga dola bilioni 16 za kuwapa wakulima moja kwa moja, kupitia mpango ulioitwa CFAP. Maombi yakafunguliwa Mei 26. Hela zilifika upesi kwa sababu karibu kila kaunti ya wakulima ina ofisi ndogo ya wizara, yenye kumbukumbu za mashamba na akaunti za benki za wenyewe. Milango ilifungwa kwa wageni, kwa hiyo kazi ilikwenda kwa simu na barua pepe. Mkulima alijaza idadi ya mifugo yake na kutia saini kwamba ni kweli. Vielelezo angeweza kudaiwa baadaye.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Nguruwe mkubwa aliyeuzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15 alilipiwa dola 18. Aliyebaki bandani baada ya hapo, dola 17. Tuseme mtu aliuza 2,000 na kubakiwa na 1,000: anapata dola 36,000, na nyingine 17,000 juu yake, jumla 53,000. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 250,000.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa. Ukilipa kwa kichwa, mwenye vichwa vingi ndiye anayebeba fungu, hata kama jirani yake mwenye banda moja ndiye aliye karibu zaidi kufilisika. Tena Iowa ina wafugaji wengi wanaolea nguruwe wa kampuni kwa mkataba: banda lao, deni la banda lao, lakini mnyama si wao. Hao mwanzoni hawakuhesabiwa, kwa kuwa hasara ya bei ilikuwa ya mwenye mnyama.

Na wale waliosimama kwenye mstari wa kukata nyama? Pale Waterloo walikuwemo wakimbizi na wahamiaji wengi, wakiwemo ndugu zetu kutoka Kongo. Mwanzoni mwa Mei, idara ya afya ya Black Hawk, kaunti uliko mji wa Waterloo, ilitangaza kwamba zaidi ya wafanyakazi 1,000 kati ya takribani 2,800 wa kiwanda hicho wamekutwa na maambukizi. CFAP haikuwahusu. Mpango wa kuwafuta jasho vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa viwanda vya nyama ulitangazwa mwaka 2021: dola 600 kwa kila mtu, mara moja tu. Kwa viwango vya CFAP, hiyo haifikii fidia ya nguruwe 34 waliouzwa.