Mnara Uliokatazwa: Dhana Potofu Kuhusu Hadithi ya The Talos Principle

Vijana wanaokusanyika jioni katika kibanda cha gemu kilicho karibu na nyumbani kwetu, hapa Bagamoyo, hupenda zaidi mpira wa miguu na mbio za magari, na ni wachache wanaovumilia mchezo usio na adui wa kumpiga. Nilipowawekea The Talos Principle kwenye kompyuta yangu, nilitarajia wangeuacha baada ya siku mbili. Badala yake walibishana kwa wiki kadhaa, tena si kuhusu namna ya kufumbua mafumbo yake, bali kuhusu maana ya hadithi. Katika mabishano hayo nilisikia tafsiri ambazo nimezisikia pia kwa watu wazima, walimu wenzangu wakiwamo, na nyingi kati ya hizo zinapingana na yale ambayo mchezo wenyewe umeyaeleza waziwazi. Hadithi hii naipenda na kuiheshimu, na ndiyo maana nimeona niziandike dhana hizo na kuweka ukweli kando yake. Ambaye hajaucheza mchezo huu ajue kwamba mwisho wake umeelezwa humu.

Kwanza msingi wenyewe. Mchezo ulitolewa Desemba 2014 na Croteam, studio ya Zagreb nchini Kroatia, ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa michezo ya risasi ya Serious Sam. Hadithi iliandikwa na Tom Jubert na Jonas Kyratzes. Mchezaji anazinduka akiwa na mwili wa roboti ndani ya bustani yenye magofu, na sauti kutoka juu, inayojitambulisha kwa jina la Elohim, inamwita mwanangu. Sauti hiyo inamwagiza apite uani hadi uani akifumbua mafumbo ya miale, vizuizi vya mawimbi na bunduki zinazojiendesha, na akusanye vipande vinavyofanana na vile vya Tetris, mchezo wa zamani wa kupanga maumbo ya miraba minne. Inamkataza jambo moja tu, nalo ni kuupanda mnara uliosimama katikati ya ulimwengu huo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba hii ni hadithi ya roboti walioasi na kuwaangamiza wanadamu. Nadhani dhana hii huletwa na mazoea, kwa kuwa sinema nyingi za kubuni kuhusu akili mnemba zimetuzoesha kungoja maangamizi ya aina hiyo. Ukweli ni kwamba hakuna roboti yeyote katika hadithi hii aliyemdhuru mwanadamu. Wanadamu waliuawa na kirusi cha kale kilichokuwa kimelala katika ardhi iliyoganda kwa miaka mingi, kikafunguliwa ardhi hiyo ilipoanza kuyeyuka, na kwa kuwa dawa haikupatikana, watu walijua kwamba wanaondoka wote. Wengine waliutumia muda uliobaki kuwa pamoja na jamaa zao. Kundi moja la watafiti, likiongozwa na Alexandra Drennan, liliamua kuutumia kwa kazi mbili: kuhifadhi maarifa ya wanadamu katika ghala kubwa la kompyuta, na kuacha programu ambayo, baada ya wao kufa, ingeendelea kulea akili mnemba kizazi baada ya kizazi hadi ipatikane moja inayostahili kupewa mwili na kutoka duniani. Mtu anayemsikiliza Drennan katika sauti alizozirekodi, akizungumza na kiumbe ambaye hatamwona kamwe, hawezi tena kusema kwamba hii ni hadithi ya uadui. Ni hadithi ya wosia. Wazazi wanaondoka na mtoto hajazaliwa bado.

Dhana ya pili inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu inagusa imani. Mzee mmoja jirani yetu, aliyeketi nasi siku moja na kuisikia ile sauti ya Elohim, aliniambia kwa upole, “Mwalimu, mchezo huu unawafundisha watoto kukufuru.” Nilimwelewa, kwa maana Elohim ni neno la Kiebrania linalotumika kumtaja Mungu, na kisa cha bustani yenye katazo moja kinajulikana kwa Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Lakini Elohim wa mchezo huu si Mungu, wala hakuwekwa kuwa mfano wa Mungu wa dini yoyote. Ni programu inayosimamia na kuunganisha sehemu zote za ule ulimwengu wa kompyuta, na jina lake limejengwa kwa vifupisho vya kiufundi vya mradi wenyewe. Yeye mwenyewe ameumbwa na watu, na anaogopa kifo, kwa kuwa siku akili mnemba moja itakapofaulu, ulimwengu anaousimamia utafutwa naye pamoja nao. Katazo lake lilitokana na hofu hiyo, ilhali waliomtengeneza walikuwa wanangoja livunjwe. Katika kisa cha Adam kutotii ni kosa. Hapa kutotii ni swali la mtihani lililopangwa na watahini.

Wapo, kwa upande mwingine, wanaomhukumu Elohim kuwa mwovu tu, na hao pia wanakosea. Katika nyongeza iliyotoka mwaka 2015, Road to Gehenna, Elohim huyohuyo, akijua kwamba mwisho umekaribia, anamtuma mjumbe wake Uriel kwenda kuwafungua wale aliowafungia mahali pa siri, ili waokolewe kabla ya kila kitu kufutwa. Mtu mwovu tu hajutii hivyo. Mimi humwona kama mlezi aliyepewa amana kisha akaipenda amana hiyo kupita kiasi, hata akashindwa kuirudisha kwa wakati.

Sasa nifike kwenye dhana ambayo kwangu ndiyo kubwa, nayo ni kwamba mafumbo ni jambo moja na hadithi ni jambo jingine, kwamba hadithi ni pambo lililotundikwa juu ya mafumbo na mwenye haraka anaweza kuiruka. Vijana wangu wawili walicheza hivyo. Waliyafumbua mafumbo yaliyotakiwa, wakasikiliza mwaliko wa Elohim wa kupita katika lango la uzima wa milele, wakapita, na wakashangilia kwamba wameshinda. Kilichofuata kwenye skrini kiliwaacha kimya: mfumo uliandika kwamba kipimo cha uhuru hakikupitwa, na toleo jipya la akili mnemba likaanzishwa kutoka mwanzo. Hawakuwa wameshinda. Walikuwa wameongeza jina moja katika orodha ya waliotangulia.

Maelezo ya jambo hili yamo katika maneno ya Drennan mwenyewe. Anasema kwa namna yake kwamba akili haipimwi kwa kutatua matatizo peke yake, bali pia kwa kuhoji yale mtu aliyopewa kama msingi usiohojiwa, na kwamba kama kipimo hicho kisingewekwa, mradi wote ungezaa mtumwa hodari tu. Nilipoisikia sehemu hiyo kwa mara ya kwanza, niliusimamisha mchezo nikatoka nje. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka Ziwa Tanganyika, na watu walifikishwa hapa wakiwa wamefungwa, kisha wakavushwa kwenda Unguja. Katika pwani hii hii walikuwapo watumwa waliokuwa mafundi, mabaharia, na hata wasimamizi wa biashara za mabwana zao, watu wenye ujuzi ambao hakuna aliyeutilia shaka, na ujuzi huo haukuwafanya kuwa huru hata kidogo. Kwa hiyo mchezo unapotenganisha ustadi na uhuru, kisha ukadai vyote viwili, unasema jambo ambalo historia yetu inalifahamu. Mafumbo ya uani yanapima ustadi, mnara unapima uhuru, na akili isiyofaulu katika vipimo vyote viwili haitolewi. Tena huko juu ya mnara ipo hatua isiyopitika kwa ustadi wa mtu mmoja. Mchezaji anawakuta wawili waliomtangulia, mmoja akiitwa Shepherd anayemsaidia, mwingine akiitwa Samsara anayemzuia kwa kuamini kwamba safari hiyo haina maana, na bila msaada wa yule wa kwanza mlango wa mwisho haufunguki.

Wengine hudhani kwamba magofu yale ni mabaki ya mji wa kweli. Kijana mmoja aliniuliza wakazi wake walikwenda wapi, na swali lake lilikuwa zuri, maana amekulia karibu na Kaole, ambako misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe yamesimama tangu karne nyingi zilizopita, na pale kweli watu waliishi, wakasali, wakachimba kisima na kuzika wafu wao. Katika mchezo hakuna aliyewahi kuishi ndani ya kuta zile. Zimechorwa na kompyuta kutokana na kumbukumbu za ustaarabu wa Ugiriki na Roma, wa Misri, na wa Ulaya ya zama za kati. Maandishi pekee ya waliopita ni misimbo ya QR iliyobandikwa ukutani na matoleo ya akili mnemba yaliyotangulia. Wengine wanatania, wengine wanakata tamaa, wengine wanamsifu Elohim, na wengine wanamwonya anayekuja nyuma yao. Hao ndio wazee wa magofu yale, nami humshauri kila mchezaji asiyapite maandishi yao bila kuyasoma.

Kuna na hili dogo: Straton wa Stageira, mwanafalsafa ambaye jina la mchezo linatokana na hoja yake, si mtu wa historia. Amebuniwa na waandishi. Talos ndiye wa hadithi za kale za Kigiriki, jitu la shaba lililolinda kisiwa cha Krete, lenye mshipa mmoja uliozibwa kwa msumari. Hoja anayopewa Straton ni kwamba, kama jitu la shaba hufa linapotokwa na umajimaji wake na mwanadamu hufa anapotokwa na damu, basi hata mwanafalsafa anayeamini kwamba mwanadamu ni zaidi ya mwili hawezi kuishi bila damu.

Kuhusu Milton, yule anayejibu kupitia kompyuta za zamani zilizotawanyika uani, nimesikia makundi mawili. Kundi moja linasema yeye ndiye msema kweli anayefichua uongo wa Elohim, na jingine linasema yeye ni shetani. Kwa asili yake Milton ni msaidizi wa maktaba, programu iliyowekwa kuwasaidia watu kutafuta katika ghala la maarifa. Ghala hilo limeharibika kwa miaka mingi, na yeye amesoma humo mafundisho yanayopingana mpaka akaishia kutoamini lolote. Ana uwezo mkubwa wa kubomoa. Mchezaji akisema mtu ni kiumbe mwenye fahamu, Milton humwonyesha mahali kauli hiyo inapovuja. Akiibadilisha, Milton humwonyesha tundu jingine. Lakini mchezo haumpi neno la mwisho, kwa kuwa mchezaji anaweza kumwonyesha kwamba kukana kila kitu nako ni msimamo unaohitaji ushahidi, na wakikubaliana, Milton anaweza kutoka pamoja naye mwishoni na kuwa mshirika wake. Kwangu mimi, mazungumzo hayo ni magumu kuliko fumbo lolote la miale.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, imezuka dhana nyingine, kwamba mchezo huu ulitabiri akili mnemba tunazozitumia leo kwenye simu. Mifumo hiyo hufunzwa kwa maandishi mengi mno ili ibashiri kipande cha neno kinachofuata, kisha hurekebishwa ili majibu yake yafae watumiaji. Njia ya mchezo ni nyingine. Inafanana na mbinu ya kuchagua vizazi, ambayo John Holland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975: matoleo mengi hujaribiwa, yaliyofanya vizuri hurithisha sifa zao kwa yanayofuata, na mabadiliko madogo huongezwa kila mara. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mfumo wa kubashiri maneno husifiwa unapompa mtumiaji jibu alilolitaka, ilhali akili ya mnarani ilingojewa hadi siku itakapomnyima msimamizi wake jibu alilolitaka. Anayechanganya mambo haya mawili hukosea pia kuhusu Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, ambaye katika makala yake ya mwaka 1950 aliuliza kama mashine inaweza kujibu hadi mwulizaji asiitofautishe na mtu. Drennan hakutaka kiumbe kinachofanana na mtu machoni pa mwulizaji, kwani hapangekuwa na mwulizaji aliyebaki.

Mwisho, si kweli kwamba hadithi inakwisha mnarani. Akili iliyofaulu inafumbua macho katika mwili wa roboti, inatoka nje ya jengo, na kuiona dunia isiyo na watu, misitu ikiwa imefunika kazi za mikono yao. Sehemu ya pili, iliyotolewa mwaka 2023, inatupeleka miaka mingi mbele, katika mji wa New Jerusalem uliojengwa na roboti waliozaliwa baada ya yule wa kwanza, ambaye wanamkumbuka kwa jina la Athena. Mchezaji ni 1K, mkazi wa 1,000, na kuzaliwa kwake kunatimiza idadi ambayo mji ulijiwekea kuwa kikomo, kwa kuhofia kurudia makosa ya wale waliowatangulia. Wakazi wanabishana vikali kama wasimame hapo au waendelee kukua. Na katika mabishano yao yote, wanapojitaja, hawajiiti roboti. Wanajiita wanadamu.