Ribosomu za Misuli, Insulini na Chakula: Maswali na Majibu

Ribosomu ni nini?

Ni chembe ndogo mno iliyomo ndani ya seli, yenye vipande viwili, kikubwa na kidogo, ambayo husoma maagizo yanayobebwa na RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na kuunganisha asidi amino, ambazo ni vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Aktini na maiosini, zinazouwezesha msuli kujikaza, huundwa hapo.

Kwa nini watafiti huzitoa ndani ya msuli?

Katika mnyama aliye hai, damu huleta homoni, sukari na asidi amino kwa wakati mmoja, hata ikawa vigumu kujua ni kipi kinachoongeza au kupunguza uundaji wa protini. Kwa hiyo msuli wa panya husagwa katika maji baridi yenye chumvi, kisha rojo hilo huzungushwa kwa kasi kubwa katika mashine iitwayo sentrifuji mpaka ribosomu zitengane na nyuzi za msuli. Kazi yenyewe ina usumbufu, kwa sababu msuli una ribosomu chache ukilinganishwa na ini. Ribosomu zilizopatikana hutiwa katika neli pamoja na vyanzo vya nishati, madini ya magnesi na asidi amino zilizotiwa alama ya kaboni-14, aina ya kaboni inayotoa mnururisho. Mnururisho unaopimwa katika protini mpya huonyesha kazi iliyofanyika.

Jambo hili lamhusu vipi mgonjwa wa kisukari?

Lamhusu sana. Katika miaka ya 1960, Ira Wool na wenzake katika Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba ribosomu za misuli ya panya wenye kisukari ziliunda protini kidogo kuliko za panya wasio na kisukari, ilhali zote zilikuwa zimewekewa mahitaji yale yale. Panya wenye kisukari walipodungwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kabla ya msuli kutolewa, uwezo huo ulirejea. Maana yake ni kwamba kasoro haikuwa ya malighafi tu, bali ilikuwa imeugusa mtambo wenyewe. Kwa mtu mzima, insulini husaidia zaidi kwa kuzuia protini ya misuli isivunjwe, na ndiyo maana mtu ambaye kisukari chake hakijadhibitiwa hukonda mapaja na mikono hata akila vizuri. Anayekonda hivyo, huku akisumbuliwa na kiu na kukojoa mara kwa mara, aende kituo cha afya apimwe sukari bila kukawia.

Je, kijana wa jimu ajidunge insulini ili ajenge misuli?

Hapana, hata kidogo. Sukari ya damu yaweza kushuka ghafla, akazirai au akafa.

Mkazi wa Nairobi asiyemudu nyama kila siku afanyeje?

Githeri ni chakula kizuri kuliko wengi wanavyodhani: mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, nayo maharagwe yanayo kwa wingi. Ugali na sukuma wiki pekee hauna protini ya kutosha, lakini ukiongezewa ndengu, omena au yai, misuli hupata malighafi inayohitaji. Mazoezi ya kubeba uzito, yakiwemo ya kuinuka na kuketi kwenye kiti kwa wazee, huzichochea ribosomu zitumie malighafi hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza kabla ya kuongeza protini, zikiwemo zile za unga zinazouzwa madukani.