Wakati uliofungwa: kilichofungwa ni nini hasa?

Noeli ikishapita tu, kamati za ndoa zinaanza kukaa Katuba, Kenya na Ruashi, komini za mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, na sentensi ile ile inarudi mezani: “Mu Karezima habaoleshe batu,” yaani Kwaresima watu hawaoleshwi. Mara nyingi anayeisema ni shangazi, au yule mzee aliyepewa uenyekiti kwa sababu aliwahi kuwa katekista. Ikishasemwa, mwezi wa Machi unafutwa kwenye kalenda na hakuna anayeuliza tena. Siku hizi nasikia wengine wakiipamba kwa jina la kitaalamu: “ni wakati uliofungwa, sheria ya Kanisa inakataza.” Hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza.

Maana yenyewe ni fupi. Wakati uliofungwa ni majira mawili ya mwaka wa Kanisa, Majilio (majuma ya kungoja Noeli) na Kwaresima (mfungo wa kabla ya Pasaka), ambamo sheria ya zamani ilizuia shamrashamra za arusi. Katika sheria ya Kanisa Katoliki la Kilatini inayotumika leo, wakati huo haupo. Ningeweza kuishia hapo, lakini kosa lenyewe halikuanzia kwenye sheria mpya. Hata katika sheria ya zamani watu wanakosea kilichokuwa kimefungwa.

Ndoa ni jambo moja na arusi ni jingine. Ndoa inafungwa na watu wawili wanapopeana ridhaa yao mbele ya padri au shemasi mwenye ruhusa na mashahidi wawili. Arusi ni yote yanayoizunguka ridhaa hiyo: maandamano, ngoma, vazi jeupe, chakula, msululu wa magari unaopiga honi kuanzia Kamalondo mpaka katikati ya mji. Wakati uliofungwa uliigusa hii ya pili. Anayesema “Kanisa lilikataza ndoa” amechukua sheria ya karamu akaivalisha sakramenti.

Tazama jinsi ilivyoanza. Katika karne ya 4 kulikuwa na mtaguso mdogo, yaani mkutano wa maaskofu, huko Laodikea, katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Kanuni yake ya 52 inasema kwamba katika Kwaresima zisifanyike arusi wala sherehe za siku ya kuzaliwa. Arusi na siku ya kuzaliwa zimewekwa kwenye mstari mmoja. Maaskofu wale hawakuwa wakijadili kama sakramenti ya ndoa inafaa Machi au haifai. Walikuwa wakisema kwamba anayefunga chakula hawezi wakati huo huo kupika pilau la watu mia mbili. Papa Nikolao wa Kwanza alipowajibu Wabulgaria mwaka 866 alifuata njia ile ile, akataja kuoa na karamu pamoja. (Najua familia ambazo hazitamwozesha binti yao Kwaresima kwa vyovyote vile, lakini katikati ya Machi wanakata keki ya kuzaliwa na muziki unasikika mpaka barabara ya tatu. Laodikea ingewakemea kwa kosa ambalo hawajawahi kulifikiria.)

Halafu ukaja Mtaguso wa Trento. Tarehe 11 Novemba 1563, katika kikao chake cha 24, uliamua kwamba arusi za shangwe zizuiwe kuanzia Majilio mpaka Tokeo la Bwana (6 Januari), na kuanzia Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, mpaka mwisho wa Oktava ya Pasaka, yaani siku nane kuanzia Pasaka yenyewe. Nyakati nyingine zote ziliachwa wazi. Maneno ya Kilatini ya kanuni yake ya 11 yanataja shangwe za arusi, na yanamlaani yeyote atakayesema kwamba katazo hilo ni ushirikina wa kidhalimu uliotoka kwa wapagani. Wakati ule wengine walikuwa wakisema hivyo, na Trento iliwajibu kwa ukali wake wa kawaida. Ila hata katika ukali huo neno lililochaguliwa lilikuwa shangwe.

Anayetaka jambo lisiwe na utata kabisa asome Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa 1917. Kanuni ya 1108, kifungu cha kwanza, ilisema ndoa yaweza kufungwa wakati wowote wa mwaka. Wakati wowote. Kifungu cha pili ndicho kilichofunga kitu, nacho kilifunga baraka kuu ya arusi, ile inayotolewa ndani ya Misa: kuanzia Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Majilio hadi siku ya Noeli, na kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Dominika ya Pasaka. Kifungu cha tatu kilimruhusu askofu kuifungua hata hiyo kwa sababu ya haki, huku akiwaonya maarusi wapunguze mbwembwe. Hivi ndivyo sheria ilivyokuwa katika siku zake kali kabisa za karne iliyopita.

Mji wetu ulianzishwa 1910, wakati huo ukiitwa Elisabethville, na sheria hiyo ilianza kutumika 1918. Kwa hiyo wamisionari waliowafundisha babu na nyanya zetu katekisimu walikuwa chini yake. Kijana aliyetaka kuoa katikati ya Kwaresima angeweza kufungishwa ndoa, ila bila baraka kuu na bila Misa ya maarusi. Nani angekubali ndoa ya kimya namna hiyo wakati ukoo mzima umeshaalikwa? Watu walingoja Pasaka, na kungoja kukawa desturi. Wajukuu walipozaliwa, desturi ilikuwa imeshaitwa sheria. Siwalaumu wazee kwa hilo. Walichokiona kwa macho ni kweli kwamba Kwaresima hapakuwa na arusi.

Kisha sheria ikabadilika. Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa 1983 hauna kifungu chochote cha wakati uliofungwa. Ukienda kuitafuta kanuni ya 1108 humo, utakuta inazungumzia padri, shemasi na mashahidi wawili. Namba imebaki, habari ni nyingine.

Kilichobaki kiko kwenye vitabu vya liturujia, nacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kitabu cha ibada ya ndoa, toleo la pili lililoidhinishwa 1990, kinataja siku mbili ambazo ndoa iepukwe kabisa: Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu. Mbili tu. Kwa siku nyingine za toba, hasa za Kwaresima, kinamwagiza padri awakumbushe wachumba tabia ya pekee ya siku waliyoichagua.

Kuwakumbusha maana yake ni kuwaambia mambo kama haya: katika Kwaresima altare haipambwi kwa maua, na vyombo vya muziki vinapigwa ili kutegemeza wimbo tu. Aleluya haiimbwi. Kwa Lubumbashi, ambako arusi bila kinanda, ngoma na fanfari huonekana kama kikao cha maombolezo, hilo ni jambo zito, na padri anayemshauri mchumba asogeze tarehe anamtendea wema. Lakini ushauri ni ushauri. Ndoa iliyofungwa Jumamosi ya Kwaresima, altare ikiwa tupu, ni ndoa kamili, na hakuna mahakama ya Kanisa itakayoibatilisha kwa sababu ya tarehe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati karibu zote hulikosa, tena kwa upande usiotarajiwa. Swali la kweli la leo si kama siku imefungwa. Ni Misa ipi itakayoadhimishwa siku hiyo. Misa ya Ndoa, yenye sala zake na masomo yake, haiadhimishwi katika Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka, katika Sherehe (sikukuu za daraja la juu kabisa), katika siku za Oktava ya Pasaka, siku ya Marehemu Wote, Jumatano ya Majivu na Juma Kuu. Ukiondoa Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu, ndoa yaweza kufungwa siku hizo, lakini Misa ni ya siku, na maarusi wanapewa baraka yao ndani ya Misa hiyo.

Chukua kalenda ya 2026. Jumamosi tarehe 7 Machi iko ndani ya Kwaresima. Ni siku ya kawaida ya juma, na kwa kanuni za Misale, kitabu cha sala za Misa, Misa ya Ndoa inaruhusiwa. Jumamosi tarehe 15 Agosti iko katikati ya kiangazi, anga safi, ukumbi umelipiwa, wajomba wameshuka kutoka Likasi na Kolwezi. Hiyo ni Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, na Misa ya Ndoa hairuhusiwi. Yaani tarehe ambayo shangazi aliikimbia ina nafasi, na ile aliyoikimbilia ndiyo yenye kizuizi. Sijawahi kusikia kamati hata moja ikilijadili hili.

Wanaosema “basi tungoje Pasaka ipite” nao waangalie vizuri. Pasaka ya 2026 ni 5 Aprili. Jumamosi ya tarehe 4 ni Jumamosi Kuu, haiguswi. Ile ya tarehe 11 iko ndani ya Oktava: ndoa inawezekana, Misa ya Ndoa hapana. Wa kwanza kupata Jumamosi isiyo na masharti haya ni wa tarehe 18. Na kuna saa pia. Dominika katika liturujia huanza Jumamosi jioni, kwa hiyo arusi ya Jumamosi ya Majilio saa nne asubuhi na ile ya saa kumi na mbili jioni yaweza kuwa na Misa mbili tofauti, ingawa kwenye kadi ya mwaliko tarehe ni moja.

Kuna sababu nyingine iliyofanya imani hii ya “wakati uliofungwa” iishi kwetu kwa raha, nayo haina uhusiano wowote na Trento. Majilio yanaanza mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba, mvua zikiwa zimeshaingia. Kwaresima inaangukia Februari na Machi, barabara za Katuba zikiwa matope na hema la ua likivuja. Hata kama Kanisa lisingesema neno lolote tangu karne ya 4, bado watu wa hapa wangeoana Juni, Julai na Agosti. Matokeo yake ni kwamba Jumamosi za kiangazi zinajaa mapema, maarusi wanapangwa jozi kwa jozi katika Misa moja, na bado kuna mtu atakayekuambia kwamba Machi haina kitu kwa sababu Roma imekataza.

Kuna hapana nyingine ambayo ni ya kweli na lazima iheshimiwe. Askofu wa mahali anaweza kutoa maelekezo kwa jimbo lake. Parokia nayo inaweza kuwa na utaratibu wake: Jumamosi za Kwaresima padri yuko kwenye maungamo na mafungo, kwaya inajiandaa kwa Juma Kuu, wakatekumeni wanafanyiwa ibada zao kabla ya ubatizo wa usiku wa Pasaka. Padri akisema hafungishi ndoa katika majira hayo, ana sababu zake na nyingi zinaeleweka. Lakini hiyo ni hapana ya parokia, si ya Kanisa zima. Tofauti hii si ya kujionyesha. Utaratibu wa parokia unaweza kuzungumzwa: kijana anayerudi kazini nje ya nchi mwanzoni mwa Aprili, au mama mgonjwa anayetaka kumwona bintiye akifunga ndoa, wana haki ya kwenda kueleza hali yao. Wakiambiwa ni sheria ya Kanisa lote, hawaendi hata kuuliza. Wanaishia komini, kwa afisa wa serikali, na ya kanisani wanaiahirisha mpaka itakapowezekana. Wengine hawairudii tena.

Kwa hiyo shangazi akisema Kwaresima watu hawaoleshwi, hakuna haja ya kumbishia mbele ya wakwe. Mwambieni tu, “Shangazi, tukamuulize padri kama parokia yetu inafungisha ndoa majira haya,” kisha mwende kweli, mapema, kabla ukumbi haujalipiwa. Na kama kamati imeshakubaliana 15 Agosti, mwulizeni padri masomo ya Misa yatakuwa yapi kabla hamjapeleka kijitabu cha ibada kuchapishwa.