Paka aliyeshindwa kufunga pembetatu

Jumamosi moja mzazi alinisimamisha getini akaniuliza kama ni kweli darasa la sita sasa wanafundishwa kodi. Alimsikia mwanawe akisema "tunaandika kodi", yaani "code", amri za kompyuta, akadhani ni ile ya mapato. Tangu hapo nasema "kuandika programu", ingawa watoto wenyewe hawajaacha.

Tunatumia Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa na MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, mwaka 2007. Amri zake zinapangwa kama matofali, inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuisoma kwa Kiswahili. Hapa Dodoma nina kompyuta mpakato mbili kwa watoto kumi na wanane. Zinatosha, maana nusu ya kazi tunaifanya nje vumbini.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la pembetatu. Ninawaambia wamfanye paka wa Scratch, yule anayetembea kwenye skrini kwa amri zao, achore pembetatu yenye pande sawa. Kila mtoto anajua pembe zake ni nyuzi 60, amekariri. Basi wanaandika: rudia mara 3, nenda hatua 100, geuka nyuzi 60. Paka anachora pande tatu zilizoachama kama bakuli, anasimama. Siwasaidii. Kwa kawaida hakosekani mtundu wa kubadili 3 kuwa 6, na umbo linafunga. Pembesita! Hapo darasa halishikiki.

Ndipo tunatoka. Mtoto mmoja anakuwa paka, mwingine anamwamuru, wa tatu anafuata nyayo kwa kijiti. Akifika konani namsimamisha: unatazama wapi, na unataka utazame wapi? Anagundua kwamba bila kugeuka angenyoosha mbele moja kwa moja, kwa hiyo anachogeuka ni pembe ya nje: 180 toa 60, yaani 120. Akirudi alipoanzia anatazama kulekule alikotazama mwanzo, maana amegeuka 360 nzima. Kwa umbo lolote la pande na pembe sawa, basi, gawanya 360 kwa idadi ya pande. Wakitaka pande saba hawahangaiki na hesabu ya 360 kwa 7, paka ataigawanya mwenyewe.

Mbinu si yangu. Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, alishiriki kuunda Logo, lugha ya programu ya watoto, mwaka 1967, na kobe wake, aliyechora kwa amri kama paka wetu, alifundisha hivyohivyo. Zile programu za kujibu maswali upewe nyota sizitaki. Ni fimbo iliyopakwa rangi.

Mwezi uliopita tulichora pande 36 za hatua 10, paka akianzia sifuri, katikati ya skrini. Ikawa duara, kwa macho. Alipofika chini kabisa, y, kipimo cha juu na chini, ilisoma −114.3. (Namba hasi hizo, wala hakuna aliyeziogopa.) Mzingo 360, kipenyo 114.3: ukigawanya kutafuta pai unapata 3.15. Wakajaribu pande 72 za hatua 5, ikaja 3.14. Binti mmoja akang'ang'ania pande 360 za hatua 1. Akapata 3.1417, akachukua kikokotoo, akagawanya 22 kwa 7, akapata 3.1429. Akanigeukia.

"Mwalimu, kumbe 22 kwa 7 wanatukadiria tu?"