Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Kujifungua, Usiupeleke Kukandwa kwa Mbao

Ukandaji wa mbao ni nini?

Ni kukanda mwili kwa mafuta na vifaa vya mbao: magogo madogo yenye mistari, yanayofanana na kifimbo cha kusukumia chapati, vikombe vya kuvuta ngozi, na ubao uliopinda wa kufuatisha kiuno. Mtindo huu ulienea kutoka Kolombia, ambako huitwa maderoterapia, na sasa umefika katika saluni za mijini kwetu.

Je, unaondoa mafuta ya tumbo?

Hauondoi. Gogo husukuma maji yaliyo chini ya ngozi, ndiyo maana kiuno hupungua kidogo jioni ile na kurudi baada ya muda mfupi. Mafuta hayasagiki yakatoka na mkojo. Anayekwenda ili apumzike na misuli ilegee sina ugomvi naye, ilimradi ni mzima na hakandwi mpaka ngozi ikavilia damu.

Basi hatari iko wapi?

Iko kwa mzazi. Katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, damu huganda ndani ya mishipa kwa urahisi zaidi, hasa kwa aliyejifungua kwa upasuaji na kukaa kitandani muda mrefu. Bonge la damu likijikita kwenye mshipa wa mguu, mguu ule mmoja huvimba, huuma na kupata joto. Likichomoka, husafiri hadi kwenye mapafu, na huko linaweza kuua kwa muda mfupi sana.

Mama mmoja aliletwa kwetu siku ya 16 baada ya upasuaji, kigimbi chake cha kushoto kikiwa bado kinateleza mafuta na kimechorwa mistari ya gogo. Tulipozungusha utepe wa kupimia, kilizidi cha kulia kwa sentimita 4. Alikuwa amekandwa mara tatu katika wiki moja, na kila uvimbe ulipoongezeka aliambiwa kwamba ni sumu zinashuka. Hazikuwa sumu, ilikuwa damu iliyoganda.

Nikikandwa taratibu tu?

Hapana. Mguu mmoja uliovimba haukandwi kwa gogo, haukandwi kwa mkono, wala haukandwi kwa kitambaa cha maji ya moto, hata kama anayekanda ni mama mkwe mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Je, nisubiri arobaini iishe ndipo nitoke?

Hapana, nenda leo. Arobaini inaheshimiwa, lakini bonge la damu halihesabu siku. Hospitalini mguu utapigwa picha ya ultrasaundi, na damu ikionekana imeganda utaanzishiwa dawa za kuizuia isiendelee kuganda. Zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha.

Ni lini nisingoje hata asubuhi?

Pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu au ukizimia. Tafuteni gari usiku huo huo, na asibaki mtu nyumbani akikuchua kifua.

Nikifika mapokezi niseme nini?

Usiseme “miguu inaniuma” ukaambiwa upange foleni. Sema: “Nimejifungua siku kadhaa zilizopita, mguu mmoja umevimba,” taja siku zenyewe, na kama umekandwa useme bila aibu.