Je, wajua kwa nini volkano za leo hazitoi tena lava iliyojaa magnesiamu?

Basalti, lava ya kawaida kabisa duniani, huwa na oksidi ya magnesiamu kati ya asilimia 5 na 10 hivi. Lakini katika milima ya Barberton, Afrika Kusini, karibu na mpaka wa Eswatini, kuna lava ya kale yenye zaidi ya asilimia 18, na nyingine inakaribia 30. Inaitwa komatiiti, kwa jina la mto Komati, na umri wake ni takribani miaka bilioni 3.5. Volkano zinazolipuka siku hizi hazitoi kitu kama hicho. Kwa nini?

Si kwamba magnesiamu imeadimika. Koti la dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, limejengwa kwa peridoti, mwamba ambao zaidi ya thuluthi yake ni oksidi ya magnesiamu. Kazi ni kuitoa humo. Mwamba hauyeyuki wote kwa mpigo. Mtoto anayefyonza barafu ya ubuyu anajua: rangi na sukari hutangulia kutoka, mwishoni anabaki na donge jeupe lisilo na ladha. Peridoti nayo hutanguliza silika, alumini na kalisi. Magnesiamu hung'ang'ania ndani ya madini ya kijani yaitwayo olivini. Olivini yenye chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,205 hivi za selsiasi. Yenye magnesiamu tupu husubiri hadi karibu 1,890.

Kwa hiyo kiasi cha magnesiamu ndani ya lava ni kipimajoto. Leo koti linapopanda chini ya bahari, mgandamizo hupungua na mwamba huanza kuyeyuka bila hata kuongezewa joto, ila ni sehemu ndogo tu inayogeuka ujiuji, na matokeo yake ni basalti ya nyuzi 1,200 hivi. Ili upate komatiiti, inakadiriwa thuluthi hadi nusu ya mwamba iyeyuke, na lava itoke ikiwa na nyuzi kama 1,600. Dunia changa iliweza. Tumboni mwake bado kulikuwa na joto la kuumbwa kwake, na urani, thori na potasiamu yenye mnururisho, vitu vinavyotoa joto, vilikuwa vingi kuliko sasa. Imekuwa ikipoa tangu hapo.

Kabla ya ndugu mapacha Morris na Richard Viljoen kuitambua komatiiti mwaka 1969, wanajiolojia wengi walikataa kwamba lava ya aina hiyo iliwahi kuwepo. Na hawakuwa wajinga. Ipo njia nyingine ya kupata mwamba wenye magnesiamu nyingi: olivini, kwa kuwa ni nzito, huzama na kurundikana chini ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopoa polepole ardhini. Kwa nini basi uhitaji moto wa kutisha namna ile?

Mawe yenyewe ndiyo yaliyoamua kesi. Sehemu za juu za komatiiti zina fuwele za olivini nyembamba na ndefu, nyingine za makumi ya sentimita, zimepishana huku na huku. Fuwele zilizozama na kurundikana hazina umbo hilo. Hizi zilikua ndani ya ujiuji uliokuwa ukipoa kwa kasi, kuanzia juu kwenda chini. Ujiuji huo ulikuwa mwepesi mno kutiririka, na moto wake uliweza kuyeyusha hata ardhi ulimopita. Kambalda, Australia Magharibi, lava ilipopata salfa ya kutosha, matone mazito yenye nikeli yalizama kwenye mikondo yake, na ndiyo nikeli iliyokuja kuchimbwa huko tangu miaka ya 1960.

Baada ya miaka bilioni 2.5 iliyopita komatiiti inakuwa adimu sana. Iliyo changa kuliko zote tunazozijua iko kisiwa cha Gorgona, Kolombia, na ina umri wa miaka milioni 90 hivi. Wengi wanaihusisha na mkondo wa mwamba wenye joto lisilo la kawaida uliopanda kutoka chini sana ndani ya koti.