Maana ya “gravel”, na habari ya magari

Mwezi huu nimelisikia neno hili la Kiingereza, gravel, likitumika vibaya mara tatu, kana kwamba maana yake ni njia isiyo na magari, na mara ya tatu nilikuwa juu ya baiskeli. Kijana mmoja wa hapa Bukavu, mwenye roho nzuri na mapaja yasiyochoka, alitualika tupande naye kandokando ya ziwa Kivu, tupite Kavumu, tupite Katana, tuone tutafika wapi. “Yaya, lami ikiisha ni gravel tu,” akaniambia, “hakuna magari.” Lami ikaisha. Hatukwenda mbali, kwenye kona moja tukakutana uso kwa uso na lori la mizigo, watu wamekaa juu ya magunia, dereva katikati ya njia kwa sababu pembeni kumechimbika. Tuliingia mtaroni wote wanne. Hakuna aliyeumia. Lakini yule kijana alisimama pale akiliangalia lori likiondoka, akauliza limetoka wapi, na nikaona kwamba anauliza kwa dhati. Neno ndilo lililomdanganya.

Maana yenyewe ni fupi. Gravel ni kuendesha baiskeli katika barabara zisizo na lami: changarawe, kokoto, udongo ulioshindiliwa. Baiskeli yake ina usukani uliopinda kama wa baiskeli ya mbio, ila tairi ni nene zaidi, kwa kawaida kati ya milimita 35 na 50, breki ni za diski, na gia zake ni nyepesi za kupandia milima. Hayo tu. Katika maana hiyo gari halimo, si kuwepo kwake wala kutokuwepo kwake.

Asili ya neno inaonyesha hivyohivyo, tena sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaweza kuifuata kwa urahisi. Waingereza walilitoa gravel katika Kifaransa cha kale, gravele, yaani mawe madogo. Hilo nalo lilikuwa udogo wa neno grave, ufukwe wa mchanga na mawe, ambalo asili yake inadhaniwa kuwa ya Kikelti, lugha za Ufaransa kabla ya Warumi. Kifaransa kikabaki na watoto wengine wa mama huyohuyo. Kuna gravier, tunayoagiza tukijenga nyumba. Kuna gravelle, jina la kale la vijiwe vya figo. Na kuna grève, ufukwe wenye mawe.

Ndiyo, grève ileile ya walimu, yaani mgomo. Mjini Paris, kando ya mto Seine, palikuwa na uwanja ulioitwa Place de Grève, yaani uwanja wa ufukweni, na watu wasio na kazi walikuwa wakisimama hapo kusubiri mwenye kibarua awachukue. “Kuwa grève” kulimaanisha kusimama pale bila kazi. Katika karne ya 19 maana ikahamia kwa aliyeacha kazi kwa hiari yake ili alipwe vizuri. Kwa hiyo mwalimu wa Bukavu anayegoma na kijana anayetimua vumbi Katana wanatumia neno la ukoo mmoja, na ukoo huo ni wa mawe ya ufukweni. Nimelipenda jambo hili tangu nilipolijua. Neno lilivuka bahari katika Zama za Kati, likaishi kwa Waingereza miaka mamia, kisha likarudi kwa Wafaransa likiwa limepanda baiskeli, na sasa nao wanasema le gravel kana kwamba hawajawahi kuwa na gravier.

Mchezo wenyewe kwa sura yake ya leo ulikua sana katikati ya Marekani. Mbio zake zinazojulikana zaidi zilianza mwaka 2006 huko Emporia, jimbo la Kansas, kilomita 320 hivi katika vilima vya mawe ya gumegume yanayochana tairi. Barabara zile ni za wakulima. Matrekta yanapita, magari ya kubebea ng'ombe yanapita. Mwaka 2022 shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa gravel huko Veneto, Italia. Lakini hata katika chimbuko lake hakuna aliyeahidi kwamba utakuwa peke yako njiani.

Hapa niseme kidogo kuhusu kilicho chini ya gurudumu, maana ndicho neno linachokitaja. Changarawe ni vijiwe vilivyoviringishwa na maji hadi vikalainika. Ukipanda juu yake vinatawanyika kama mahindi yaliyomwagika sakafuni. Kokoto imepondwa kwa nyundo, kama wanavyoiponda mama zetu kando ya barabara, na kwa sababu ina pembe, moja hukaa ndani ya nyingine na njia inashikana. Lava ya Goma, ile iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo mwaka 1977, 2002 na 2021, ni jambo jingine kabisa: ngumu, yenye matundu, yenye makali. Inakata tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakidumu. Wenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaijua vizuri, wao wanaovisha gurudumu la mbao mpira mnene na kuteremka na viazi au mkaa. Mtu akiniambia “ni gravel”, ninachotaka kujua ni ipi kati ya hizo tatu.

Sasa hili la magari. “Njia bila magari” ni dhana nyingine, na yenyewe inategemea sheria. Ufaransa wanayo inayoitwa voie verte, iliyoingizwa katika kanuni za barabarani mwaka 2004: njia ya wasiotumia injini, yenye alama yake. Kandokando ya ziwa la Annecy, chini ya milima ya Alpi, ipo moja maarufu mno, sehemu kubwa imepita ilipopita reli ya zamani. Magari hayaingii. Na chini ni lami laini kama meza! Hiyo haina gari na si gravel.

Italia, kwenye ziwa Garda, kuna barabara ya Ponale, iliyochongwa kwenye jabali katikati ya karne ya 19 kutoka Riva kupanda bonde la Ledro. Lilipochimbwa handaki kwa ajili ya magari, barabara ya zamani ikabaki kwa wenye miguu na wenye baiskeli, na chini yake ni mawe na changarawe. Pale mambo yote mawili yamekutana, ila yamekutana kwa sababu watu walichimba handaki na kufunga njia.

Kwetu Kivu yamekutana wapi? Upande wa Rwanda kuna Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, nyingi zikiwa za udongo na mawe. Lakini inapita vijijini, na pikipiki haziulizi ruhusa. Kisiwani Idjwi magari ni ya kuhesabika, na hiyo ni raha kubwa, nimeionja. Hata hivyo machache si sifuri, na lile moja ulilosahau ndilo linalokuja kwenye kona. Tena hata pasipo gari kuna taksi-moto, mbuzi, watoto wanaotoka shule, mama mwenye dumu la maji mgongoni ambaye hakusikii ukishuka kwa kasi. Barabara yetu ya RN2, kutoka Bukavu hadi Goma kwa Kalehe, Minova na Sake, ndiyo njia kuu ya nchi kavu kati ya miji miwili. Kuvunjika kwake hakujaifunga kwa magari.

Sikumkaripia yule kijana, na wala simkatazi neno lake. Ni neno zuri. Nimemwomba tu kwamba akituma mwaliko wa Jumamosi ijayo aandike gravel kama kawaida yake, halafu chini yake aongeze mistari miwili: chini kuna nini, na malori yanashuka saa ngapi siku ya soko.